Chumba cha kulala cha nyumba ya ukoo: anzia ukutani

Mmeuliza wiki hii: mtu aliyerithi chumba katika nyumba ya ukoo ya karne ya 19 akitengenezeje, alale vizuri bila kuiharibu nyumba? Nazungumzia nyumba za Mji Mkongwe, Unguja.

Wengi huanza na samadari, mapazia na kiyoyozi. Jamani, anzeni na ukuta. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita au zaidi. Hunyonya maji na kuyatoa kupitia lipu. Ukiuziba kwa saruji au rangi ya plastiki, maji hupanda juu na chumvi yake, na chumvi ikigandia nyuma ya lipu huisukuma itoke. Ndiyo yale mabaka meupe, na mlio wa uwazi ukigonga.

Bandua saruji taratibu kwa patasi na nyundo ndogo. Uache ukuta wazi kiangazi chote, chumvi inayotokeza uipanguse kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Lipu mpya ni sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga, na si mchanga wa pwani. Chokaa kiloweke miezi mitatu mapema. Kisichoiva huendelea kufumka ukutani, kikaacha vishimo. Rowesha ukuta kwanza. Tabaka lisizidi sentimita 1, na lifunikwe kwa magunia mabichi wiki nzima kabla ya linalofuata, maana likikaushwa na jua litapasuka. Fundi anayeahidi kumaliza chumba kwa siku tatu ana saruji kwenye ndoo. Juu yake paka chokaa chepesi kama maziwa, mara nne au tano. Kikiwa kibichi hakionekani, ndipo watu wanapokizidisha uzito na baadaye kikawachafua nguo.

Kisha tazama boriti. Urefu wa miti ya mikoko ndio ulioamua upana wa chumba, kiasi cha mita 3. Boriti huozea kwenye ncha zilizoingia ukutani, hasa penye choo juu yake. Chomeka bisibisi hapo. Ikizama, simamisha nguzo za muda, uzibe kwanza maji yanakotoka, ndipo ubadilishe boriti moja moja. Ncha mpya isizungushiwe saruji. Na tafadhali, msimwage zege juu ya boriti kuukuu ili "kuimarisha" sakafu: uzito ule ndio unaoangusha dari.

Kitanda na kabati viachieni nafasi ya kiganja kutoka ukutani, hewa ipite. Kiyoyozi kikiwepo, madirisha yafunguliwe kila asubuhi, la sivyo ukungu utaanzia nyuma ya kabati.

Kabla ya kugusa boriti, dirisha au mlango, ombeni kibali kwa mamlaka ya hifadhi ya mji. Eneo lote ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000.