Huzuni, hamu na ghamu

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona, unauliza huzuni ni neno letu ama tumeazima tu, na mbona kwenye lile shairi la zamani mtu ana hamu halafu analia, wakati we ukiwa na hamu ya kitu unakichangamkia. Majibu yake yanashikana, soma taratibu.

Huzuni ni ya Kiarabu, huzn, hapo hakuna ubishi. Ila mzizi huohuo ndo unatoa hazn, yaani ardhi ngumu yenye kukwaruza, ya kupita kwa shida, na wataalamu wao wa zamani kina Raghib al-Isfahani walisema kabisa kwamba huzuni ni ugumu wa nafsi kama ule wa ardhi. Kinyume chake wanaita sahl, tambarare, ambayo we unayo mdomoni siku zote, ndo sahali yetu hiyo! Sisi ile ardhi tuliwaachia, tukabeba ya moyoni tu.

Na lilikuja na uzito wake. Waislamu wana Mwaka wa Huzuni, kama 619 hivi, Mtume alipofiwa na mkewe Khadija na ami yake Abu Talib, na kwenye Sura ya Yusuf macho ya Yaakub yanageuka meupe kwa huzuni ya mwanawe. Waturuki nao wanalo, hüzün, mwandishi wao Orhan Pamuk kaandika kwamba pale Istanbul ni ya mji mzima na wenyewe wanaionea fahari. Kwetu huzuni imebaki ya mtu na moyo wake, ya wengi tunaiita msiba, na huo nao Kiarabu, jambo lililokupata kama mshale unavyopata shabaha. Zamani balaa lolote lilikuwa msiba, leo ukisema "nina msiba" hakuna anayeuliza umeibiwa nini, wanauliza nani kafariki, na hata mkusanyiko wenyewe ndo msiba, tuko msibani.

Sasa hamu. Kiarabu ni hamm, jambo linalokukaa moyoni likakunyima raha. Wenyewe wanapambanua, hamm ni ya linalokuja, ghamm ya lililopo, huzn ya lililokwisha pita. Washairi wetu wakazichukua pacha, hamu na ghamu, machungu matupu, halafu hamu ikahama taratibu ikawa kutamani. Mi naona safari yenyewe haikuwa ndefu, maana kitu kikikukaa moyoni unakiwaza tu na usipokipata kinauma, sasa nani atapima uchungu unaishia wapi na kutaka kunaanzia wapi? Hata kwao kitenzi hamma ni kukusudia jambo. Ghamu masikini haikupata bahati hiyo, imebaki mashairini.

Na hilo la kuazima lisikusumbue sana, huzunika, huzunisha, huzunishana, muulize Mwarabu kama anazijua, viungo hivyo tumevishona wenyewe kama tunavyofanya kwa pika na penda.

Kwa hiyo rudi kwenye lile shairi, ukikuta hamu na ghamu ziko pamoja hayo ni machungu, na hamu ikiwa peke yake angalia kwanza mtunzi ni wa zama zipi, kisha usome mistari miwili ya mbele kabla hujaamua.

Mamako