Maswali yenu: Nani analia ndani ya kuta za Mji Mkongwe?

Mwezi huu maswali yamekuja mengi na karibu yote yanahusu kitu kimoja, majumba ya kale ya Unguja na vile vitu vinavyosemwa vinakaa ndani yake. Yanayofanana nimeyaunganisha, na yale ya kuniomba hirizi nimeyaacha, hiyo sio kazi ya safu hii.

Asalaam alaikum Maalim. Mimi natembeza wageni Mji Mkongwe, siku hizi wanaulizia sana mizimu, wengine wanataka tembezi za usiku kabisa. Wenzangu wanawaambia kila nguzo ya Beit el Ajaib ina mtumwa amezikwa chini yake, na hata lile jumba kuporomoka ni wale watu wanadai haki yao. Wageni wanapenda na bakshishi inakuja. Mimi roho inanisuta manake sijui kama ni kweli. Nisimulie au niache? (Kijana wa Malindi)

Waalaikum salaam mwanangu. Simulia, lakini sema wazi kwamba ndivyo watu wanavyosema, alafu usiishie hapo.

Beit el Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, alilijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, na zile nguzo za baraza unazowaonyesha wageni ni za chuma, zililetwa na meli. Habari ya mtu chini ya kila nguzo ni hadithi ya mjini, sio kitu kilichochimbwa kikaonekana. Na utaona haiko pale tu, ukienda jumba la Mambo Msiige pale Shangani utaambiwa hivo hivo, watumwa walijengewa ukutani wakiwa hai na chokaa kikachanganywa na mayai kwa maelfu ili ukuta ushike. Mimi nafikiri hadithi hii inahama jumba kwa jumba kwa sababu ndani yake kuna ukweli ambao kila mtu anaujua hata kama nguzo hazina kitu chini, yaani kwamba mwenye jumba hakubeba hata jiwe moja. Matumbawe yamevunjwa na watu, chokaa kimechomwa na watu, boriti zimekatwa mikokoni na watu wakazama kwenye tope hadi kiunoni, na wengi wao katika karne ile walikuwa watumwa, na hakuna kibao kinachotaja jina la hata mmoja. Sasa mtu akishindwa kuwataja waliojenga anasema wamo ndani ya ukuta wanalia, na mimi simlaumu.

Ila hilo la kuporomoka naomba uliache kabisa. Tarehe 25 Disemba 2020 upande wa mbele ulipoanguka walifariki watu wawili, wana mama zao na watoto zao. Jumba lilikuwa limechoka muda mrefu, kona moja ilishadondoka mwaka 2012 na wageni wakazuiwa kuingia. Jumba hilo hilo lilipona mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, vita ambavyo havikufika hata saa moja, wakati jumba la Beit al Hukm jirani yake ilibomolewa isibaki kitu. Kilichokuja kuliangusha ni maji, chumvi na kuachwa miaka mingi bila matengenezo. Ukiwapa mizimu kazi hiyo unawasaidia waliotakiwa kulitunza.

Wapeleke wageni Mkunazini. Pale huhitaji kuongeza chumvi hata kidogo. Soko la watumwa la pale lilifungwa mwaka 1873 Barghash aliposaini mkataba na Waingereza, na mwaka huo huo wamisionari wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa juu ya uwanja ule. Waonyeshe lile duara kwenye sakafu karibu na madhabahu, ndipo inaposemwa ulisimama mti wa kuchapia watumwa. Waonyeshe na zile nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu wakati Askofu Steere, msimamizi wa ujenzi, mwenyewe hayupo. Kisha watoke nje wasimame mbele ya yale masanamu aliyoyatengeneza msanii Clara Sörnäs mwaka 1998, watu wako shimoni shingoni wamefungwa minyororo, na ile minyororo ni ya kweli, sio ya kuchonga. Nimeona watu wazima wananyamaza pale bila kuambiwa kuna jini.

Na ukiwashusha kwenye vile vyumba vya chini vya jengo la St Monica, jirani na kanisa, kuwa mkweli. Wanaambiwa watumwa walijazwa humo wakisubiri kuuzwa, lakini wapo wanahistoria wakubwa, Profesa Abdul Sheriff mmojawao, wanaosema jengo lile lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, kwa hiyo vyumba vile haviwezi kuwa vya soko. Wageni wengine watanuna. Waambie watu kweli waliuzwa pale, mita chache tu kutoka waliposimama, na hata baada ya 1873 biashara ikaendelea kwa siri, ndio maana kuna lile shimo la kufichia watu Mangapwani, na utumwa wenyewe kisheria haukuondolewa Unguja mpaka 1897. Miaka 24 hiyo! Mwambie mgeni asimame ahesabu mtoto aliyezaliwa mwaka wa soko kufungwa alikuwa na umri gani alipoambiwa hana bwana tena.

Maalim shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Michenzani. Wifi yangu amekuja kutoka Pemba akawasimulia watoto habari za popobawa, lile pepo linalosemwa linavamia watu usiku, sasa mkubwa wa miaka 12 halali, na juzi kaamka anasema kuna kitu kilimkalia kifuani akataka kupiga kelele sauti haitoki. Wifi anasema ndio dalili, tutoke tulale nje na tumtangazie kila mtu manake ukinyamaza kinarudi. Nifanye nini? (Mama wa Michenzani)

Marahaba mwanangu, na pole. Kaa na mtoto wako kwanza kabla ya wifi.

Alichopata mtoto watu wa zamani wanakiita jinamizi na kinawapata watu dunia nzima, wanaojua popobawa na wasiomjua. Ukiwa kwenye usingizi wa ndoto mwili unafungwa ili usitupe mikono na miguu ukafuata ndoto, sasa mara nyingine akili inaamka kabla mwili haujafunguliwa, macho yako wazi, chumba unakiona, lakini huwezi kusogeza kidole, kifua kizito, na ile ndoto bado inaendelea ndani ya chumba chako mwenyewe. Inachukua sekunde, au dakika moja mbili, kisha inaondoka. Inakuja zaidi kwa mtu aliyekosa usingizi, mwenye hofu, anayelala chali. Mtoto wako ana hivyo viwili vya kwanza sasa hivi, na kila usiku mnaomkesha mnaiita tena.

Mimi nayakumbuka ya 1995. Yalianzia Pemba mwezi wa Ramadhani, yakavuka kuja Unguja, yakafika hadi Dar es Salaam, watu wazima wakitoa mikeka nje wakalala kundi kundi na moto unawaka katikati, familia nzima, baba hataki kuingia chumbani peke yake. Na fikiria ni mwezi gani, watu wanaamka daku, usingizi umekatwa vipande, mchana njaa, na ilikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, kila mtu roho juu. Sasa juu ya yote hayo weka lile sharti analolisema wifi yako, kwamba aliyepatwa lazima atangaze la sivyo kinarudi. Wewe mwenyewe uone linafanya nini. Mmoja akitangaza ishirini hawalali, wasiolala wanapatwa na jinamizi, nao wanatangaza. Kwa wiki kadhaa mji mzima ulikuwa unajilisha hofu wenyewe.

Na kuna mtu aliyelipa. Mwaka huo mjini Unguja kundi la watu lilimpiga mtu hadi kufa wakisema ndiye popobawa, kumbe alikuwa kijana wa bara mwenye matatizo ya akili. Kila nikisikia mtu anaisimulia hii habari kwa furaha za jioni namkumbuka yeye, na naomba hilo umwambie wifi yako, kwa heshima, mkiwa wawili tu.

Mtoto alale chumba kimoja na wewe kwa siku kadhaa, mapema, kwa ubavu, aya zake za kulalia asome kama mlivyomfundisha. Mfundishe kwamba ikimpata tena asishindane na mwili wote, ajaribu kutikisa kidole kimoja tu cha mguu au avute pumzi pole pole, itaachia. Ikiendelea wiki nyingi mpeleke kwa daktari, na usione haya kumwambia daktari jina ambalo mtoto amelipa kile kitu.

Eti Maalim, ni kweli roho za wafungwa waliokufa kisiwa cha Changuu zinatembea kwenye ile jela usiku? (Msomaji wa Tanga)

Jela ile ilijengwa miaka ya 1890 na haikufungia wafungwa hata kidogo, wakaigeuza karantini, wasafiri wenye magonjwa wanashushwa pale kabla ya kuingia mjini. Ukitaka kisiwa chenye wafu wa kweli ni Chapwani hapo hapo jirani, kuna makaburi ya mabaharia wa Kiingereza wakiwemo wa meli ya Pegasus iliyopigwa na Wajerumani ikiwa bandarini Septemba 1914. Makaburi ni makaburi, ukifika nenda kwa adabu.

Mambo vipi Maalim! Mimi na masela tunataka kulala kwenye magofu ya jumba la Maruhubi usiku mmoja turekodi video, tumesikia wanawake wa Sultani wanasikika wakilia kwenye yale mabirika. Tuchukue tahadhari gani? (Vijana wa Bububu)

Poa wanangu. Mnauliza tahadhari, basi ombeni ruhusa kwanza, yale ni magofu ya serikali na kuta zake hazina cha kuzishikilia. Jumba liliungua mwaka 1899, zile nguzo mnazoziona zilikuwa zimebeba ghorofa ya mbao, mbao imekwenda zimebaki nguzo peke yake. Na ukiingia gofu giza ni bismillahi, mnalijua hilo toka vyuoni, wazee wetu walisema magofu yana wenyewe na mimi nashika hivo.

Lakini kuhusu hao wanawake nataka niseme kitu manake naona mnataka kuwaweka kwenye video kama kitisho. Walioishi kwenye majumba ya masultani wengi walikuwa masuria, yaani wanawake walionunuliwa, wengine kutoka Ethiopia, wengine mbali huko Cherkesi kwenye milima ya Kaukazi, walifika wakiwa watoto. Mmoja wa mabinti waliozaliwa na suria, Bibi Salme, alizaliwa jumba la Mtoni mwaka 1844, sio mbali na mnapotaka kulala, akaja kuandika maisha yake kitabu kizima kikachapwa 1886. Kwa hiyo tunajua walivyokula, walivyovaa, walivyogombana, nani alimpenda nani. Na humo ndani Salme, mtoto wa suria, anautetea utumwa! Wajakazi waliompepea na kumchotea maji hawakuandika kitu. Mkitaka kurekodi nendeni mchana, Mtoni na Maruhubi zote mbili, mwelezeeni mtazamaji nani alilala chumba gani na nani alilala mlangoni. Mimi nitaitazama hiyo.

Maalim, nimepanga chumba ghorofa ya pili nyumba ya zamani Kiponda, bei nafuu ajabu, na sasa nimejua kwa nini. Ikifika saa sita usiku kuna hatua juu ya dari, kuna kitu kinakwaruza, na asubuhi nakuta vumbi na kokoto kitandani, upande wa kichwani tu. Ukuta wa upande huo una jasho la baridi. Majirani wanasema aliyekaa kabla yangu alikimbia. Nimeshasoma Yasini, nimefukiza ubani, haikomi. (Mpangaji mwenye hofu)

Mpangaji wangu, wewe barua yako ndiyo imenikosesha raha kuliko zote, na sababu sio hizo hatua.

Hatua kwanza. Nyumba za Mji Mkongwe zimebanana, nyingine zinagawana ukuta mmoja, mtu akitembea kwa jirani wewe unasikia yuko kwako. Darini kuna popo na panya na paka, paa la mabati lililokula jua mchana kutwa linapoa usiku linapiga ta, ta, ta kama mtu anakuja. Hizo tunaweza kuziacha. Kinachonitisha mimi ni hizo kokoto na hilo jasho la ukuta.

Nyumba yako imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari imelala juu ya boriti za mikoko zilizoingizwa ukutani. Maji yakishuka kutoka juu, mara nyingi ni tangi la maji lililowekwa paani au bomba la choo cha ghorofa ya juu, yanaingia kwenye ukuta, ncha ya boriti ndani ya ukuta inaoza au mchwa wanaila, na nje boriti bado inaonekana nzima kabisa. Kama mwenye nyumba amepiga plasta ya saruji juu ya chokaa cha zamani ndio mbaya zaidi, manake chokaa kinapumua na saruji inayafungia maji ndani. Sasa usiku boriti inapokaa inalalamika, na chokaa kilichokatika kinadondoka pale pale ilipooza, yaani juu ya kichwa chako.

Leo leo hamisha kitanda upande mwingine. Chukua tochi umulike boriti zinapoingia ukutani, gonga kwa mpini wa kisu, iliyooza inatoa sauti ya uwazi na unga unga unamwagika. Angalia kama kuna ufa kati ya dari na ukuta, na kama dari imeinama katikati. Piga picha, mpe mwenye nyumba, na wapelekee Mamlaka ya Mji Mkongwe, hiyo ni kazi yao na wanao mafundi wanaojua chokaa. Na kama ufa unaingia kidole usisubiri jibu la mtu yeyote, beba godoro nenda kwa ndugu, hasa masika ikiwa inakaribia, manake nyumba hizi zinaanguka kwenye mvua, na zimeshaanguka na watu ndani.

Yasini endelea kuisoma. Ukishatoka niandikie tena uniambie ulikuta nini kwenye hizo boriti na mwenye nyumba alijibu vipi, nina wasomaji wengine mtaa huo huo wanaolala chini ya dari za umri ule ule.