Shangazi, mke wangu amegeuka wakili wa wake za watu

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 41, mkulima huku Shinyanga vijijini. Miaka mitatu iliyopita mke wangu alipewa mafunzo ya msaidizi wa kisheria, na tangu hapo sina mke. Halipwi hata senti. Wanawake waliopigwa wanalala kwangu na kula mahindi yangu. Kilabuni alimzaba kibao mlevi mbele za watu. Siri za watu anazimwaga kwenye kikoba. Juzi kamsaidia mjane wa marehemu kaka yangu kutupeleka baraza la kata, kisa majaruba ya mpunga ambayo sisi ndugu tunayatunza tu, wakati kwa mila mjane harithi. Ananiaibisha kwa mama. Nimuache? – Niliyechoka*

Marahaba mwanangu. Pole.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umetanguliza mahindi, mlevi na kikoba, halafu mjane wa kaka yako umemchomeka mwishoni kama mtu anayeficha kuku chini ya kanga. Mficha uchi hazai. Hayo majaruba "mnayoyatunza", msimu huu mpunga wake umeingia ghala la nani? Hukuandika. Miaka mitatu mkeo anatetea wake za wengine, ukavumilia. Kesi ilipogusa mpunga wenu ndipo ukachoka. Mkuki kwa nguruwe!

Mkeo naye si malaika, nitamsema. Kile kibao ni ujinga. Mlevi angeweza kumshtaki, na wanaume wa kijiji wamepata cha kumnyamazishia mwaka mzima. Ya kikoba ni mbaya zaidi. Mwanamke aliyegonga mlango wenu usiku, uso umevimba, hakuja ili wenzake wakahesabiane makofi yake wakiwa wanaweka hisa. Mwambie shangazi kasema afunge mdomo, la sivyo ipo siku mwenye shida ataogopa kuja, abaki kwake auawe. Na mahindi ya nyumba hayagawi mtu mmoja bila kumwambia mwenzake.

Ila hilo la kutolipwa usimlaumu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamkataza kumtoza anayemsaidia. Akianza kuchukua elfu kumi kumi, utakuwa wa kwanza kusema anakula rushwa.

Haya, mila. Ni kweli, tangazo la sheria za mila la 1963 linasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo, na kwamba atatunzwa na watoto wake. Huko huko kwenu Shinyanga, wajane wawili mafundi cherehani waliondolewa majumbani mwao kwa mila hiyo. Wakahangaika hadi Mahakama ya Rufani bila nafuu, wakapeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, na 2015 kamati ya haki za wanawake ikasema nchi iliwakosea. Lakini tuseme tushike mila yako hiyo hiyo. Watoto wa marehemu wako wapi kwenye barua? Ng'ombe za mahari zilitoka, kwa hiyo watoto ni wa ukoo wenu, na mali ya baba ni yao kabla ya baba zao wadogo. Umewaruka kabisa, mwanangu. Mila umeitaja nusu, na nusu nyingine umeiacha jarubani.

Unasema amewaaibisha. Tangu 2021 baraza la kata halihukumu kesi za ardhi, linasuluhisha tu. Angetaka kuwaaibisha angesubiri suluhu ishindikane akawaburute hadi baraza la wilaya, mkalipe nauli kila wanapoahirisha. Huyo mwanamke amewaheshimu, tena kwa gharama yake, maana najua mama yako anavyomtazama sasa akipita na ndoo.

Ndoa za siku hizi zinanichosha na mimi. Mwanaume anataka mke aliyesoma, anayeleta mkopo wa kikoba na kulipa ada, ila akili zake ziishie getini. Zikiingia ndani, "amebadilika". Hakubadilika. Uliyemuoa ndiye huyu, ulikuwa hujamwona akikugeukia. Na wanawake wa aina yake nawafahamu: wana kelele, wanaunguza ugali, kuomba radhi hawajui. Lakini saa saba za usiku kitongoji kizima kinajua mlango wa kugonga, nao si wa mwenyekiti, anayekunywa meza moja na wapigaji.

Kumuacha? Jaribu. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani imekubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, na mkeo anaijua kesi hiyo kuliko mimi. Utatoka na baiskeli.

Wiki hii kaeni wawili, mkubaliane kuhusu mahindi na kuhusu kikoba. Kisha waite ndugu zako, mpeleke mpunga wa msimu huu kwa shemeji yenu. Mama mwachie mimi, mpe namba yangu. Ukishapeleka niandikie, uniambie ni magunia mangapi.