Kuligawa neno "finissaient": silabi, au mofimu?

Nilipokuwa mwanafunzi mpya wa Kifaransa, nilisimama mbele ya wenzangu kusoma sentensi fupi, "Les enfants finissaient leurs devoirs", yaani watoto walikuwa wakimaliza kazi zao za shule, nikatamka kila herufi kama tusomavyo Kiswahili, hata ile -ent ya mwisho. Walicheka, nami jioni ile nilishinda na neno hilo moja. Tangu hapo siligawi umbo lolote la kitenzi cha Kifaransa kabla ya kujiuliza ninagawa nini: maandishi, sauti, au maana.

Kwa maandishi, neno hilo ni fi-nis-saient, kwa kuwa konsonanti mbili zinazofanana hutenganishwa. Kwa sauti silabi ni tatu vilevile, lakini s inayosikika ni moja tu, nayo huanzisha silabi ya tatu. Zile s mbili zimeandikwa kwa sababu s moja iliyo kati ya irabu husomwa z. Herufi tano za mwisho, a-i-e-n-t, hutoa irabu moja, e iliyo pana kidogo. Kwa maana, yaani kwa mofimu, vile vipande vidogo vya neno vyenye maana, mgawo ni mwingine kabisa: fin-iss-ai-ent. Fin- ni mzizi, -iss- ni kiungo cha vitenzi vya kundi la finir (kumaliza), -ai- huonyesha njeo iliyopita ya jambo lililokuwa likiendelea, na -ent ni nafsi ya tatu wingi.

Jambo hili lisimtishe Mswahili, maana "anapiga" ina silabi a-na-pi-ga na mofimu a-na-pig-a, wala hatujawahi kulalamika. Tofauti ni kwamba sisi tunaitanguliza nafsi nao wanaiweka nyuma, tena mara nyingi bila kuitamka. "Il finissait" na "ils finissaient" husikika sawasawa. Kwa hiyo katika imla usitegemee kitenzi, sikiliza kitambulishi cha nomino, le (umoja) au les (wingi). Imla zangu nyingi ziliharibikia hapo.

Kuhusu -iss-, usiipachike kila penye -ir. Choisir na grandir huichukua, lakini partir haiichukui: huwa partaient, yaani par-taient kwa silabi na part-ai-ent kwa mofimu. Kipimo changu ni umbo la nous (sisi) la wakati uliopo, finissons na partons. Ukiondoa -ons, shina limebaki mkononi.

Wala si kila -ent iliyo kimya. Wafaransa wana sentensi ya kutegana, "les poules du couvent couvent", kuku wa nyumba ya watawa wanaatamia: couvent ya kwanza ni nomino na mwisho wake hutamkwa kwa irabu ya puani, ya pili ni kitenzi na mwisho wake hausikiki.

Kosa lililonikaa kwa muda mrefu zaidi, hata hivyo, lilitoka kwenye lugha yetu wenyewe. Tumezoea kugawa pa-mba na nyu-mba, basi tombaient (walikuwa wakianguka) nikaigawa to-mbaient. Katika Kifaransa ni tom-baient, na m hiyo haitamkwi kama m. Kazi yake ni kuipeleka o puani, kisha b huanza silabi yake peke yake. Nilipoacha kuifunga midomo kwa ajili ya m, ndipo wasikilizaji wangu walipoacha kuniomba nirudie.