Gundi ya mtiki na mpingo: usilaumu chupa

Msomaji wa Nyakato ametuma picha ya meza: mtiki, ukanda wa mpingo katikati, na ufa unaopitisha sarafu. Anasema kauziwa gundi feki. Ukiikuza picha unaona gundi imebanduka nzima kama gamba, haina hata uzi mmoja wa mbao. Haikushika tangu siku ya kwanza. Chupa haina kosa hapo, ndugu yangu.

Mtiki na mpingo ina mafuta na utomvu ndani. Ukipiga randa uso unakuwa safi kwa muda mfupi, kisha mafuta yanapanda tena. Mbao iliyorandwa mashineni Jumatatu na kugundishwa Alhamisi imeshajipaka mafuta yenyewe. Na kisu kikiwa butu (mtiki una silika, chembe ngumu kama za mchanga, hula makali haraka) uso unang'aa kwa kusuguliwa. Dondosha tone la maji. Likisimama kama shanga, usipake gundi.

Basi randa siku ileile ya kugundisha. Andaa klampu, jaribu kubana pakavu bila gundi, ndipo upige msasa namba 80 kwa kufuata nyuzi, uondoe vumbi na kufuta kwa asetoni (kiyeyushi cha mafuta kinachokauka upesi) na kitambaa cheupe cha pamba. Kwa mpingo usingoje kitambaa kitoke safi; rangi yake haiishi hata ufute mpaka jioni. Mara mbili zinatosha. Wino huo wa mpingo usiguse mbao nyeupe kama msonobari, hautoki. Asetoni ikishakauka, dakika moja au mbili, paka gundi, chai itasubiri. Petroli na mafuta ya taa huacha mafuta. Dawa ya kutolea rangi ya kucha nayo mara nyingi imetiwa vilainishi vya ngozi, iache saluni. Asetoni hudaka moto upesi: jiko la mkaa na fundi wa kuchomelea wakae mbali.

Gundi nyeupe hushika ukifuata hayo, ila kwa mpingo ni heri epoksi (gundi ya kuchanganya, resini na kigumishi) inayokauka polepole. Pima kama lebo inavyosema. Kuzidisha kigumishi ili iwahi kukauka huiharibu. Changanya dakika mbili, paka pande zote mbili. Usikaze klampu kwa hasira, epoksi yote itakimbilia nje na kiungo kitabaki kikavu. Ikichungulia kidogo kotekote, iache saa 24. Kama meza ni ya hoteli ya ufukweni, iwekwe kivulini: mpingo mweusi hunywa jua, na epoksi ya kawaida hulegea kwenye joto.

Meza ya Nyakato haitaponea kwa kumiminiwa gundi kwenye ufa. Itenganishwe, gundi ya zamani irandwe mpaka mbao mpya itokeze. Kabla ya hapo gundisha masalia mawili, kesho yake yapasue kwa patasi palepale kwenye kiungo. Nyuzi zikichanika, endelea na meza. Yakiachana safi kama ile picha, rudi kwenye msasa.