Kabla ya Kukata Tawi la Kuzimia Moto

Kila Kaskazi inapokaza na majani ya hifadhi ya Shimba Hills, huko Kwale, kugeuka rangi ya mkeka mkuukuu, huja kwangu hapa Mombasa vijana wanaotaka kujitolea kuzima moto wa nyika, na swali lao la kwanza karibu daima huwa ni la vifaa. Mimi huwarudishia swali: upepo unatoka wapi sasa hivi, na saa nane mchana utakuwa unatoka wapi?

Aliyelelewa pwani hana kisingizio cha kutojua. Wavuvi wetu hutoka alfajiri kwa umande, yaani upepo wa nchi kavu, na hurejea kwa upepo wa baharini unaoanza kuvuma jua likishapanda. Moto wa majani hutii pepo hizo hizo. Moto mliouona asubuhi ukijikokota kuelekea baharini unaweza mchana kuwageukia, na ubavu wake uliokuwa mtulivu, wenye urefu wa kilomita nzima, ukawa ndio kichwa, yaani upande unaokimbia mbele na upepo. Zaidi ya hayo, majani hunywa unyevu usiku na kuupoteza ndani ya saa chache tu za jua, na kwa sababu hiyo kazi ya kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi huzaa matunda kuliko ya mchana kutwa. Mchana ni wakati wa kulinda mlichokipata.

Msikikabili kichwa cha moto. Ndimi zikipita kiasi cha mita 1.2, mwenye tawi au jembe hawezi tena kufanya kazi karibu nazo, hata awe shujaa namna gani. Anzieni mahali ambapo moto hauwezi kupita, kama vile barabara, kijito au eneo lililokwisha kuungua, mtie nanga hapo, kisha mfuate ubavu mkiupunguza upana kidogo kidogo, huku weusi wa majivu ukiwa karibu nanyi kila hatua. Wala msisimame mteremkoni juu ya moto, kwa kuwa moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka.

Mwaka 1949, katika bonde la Mann Gulch, jimbo la Montana nchini Marekani, kiongozi wa kikosi aliyeitwa Wagner Dodge aliona moto wa majani ukiwapandia kwa kasi ambayo wasingeishinda kwa mbio. Akawasha kiberiti, akayateketeza majani yaliyokuwa mbele yake, akaingia katika majivu na kulala kifudifudi, huku akiwaita wenzake wamfuate. Hawakumwelewa, wakampita. Watu 13 walikufa, naye akanusurika pale pale alipolala. Wengi humsifu Dodge kwa wepesi wa akili, na anastahili, lakini mimi kinachonigusa zaidi ni kwamba wenzake waliombwa waiamini mbinu ambayo hawakuwahi kufundishwa, tena katikati ya kishindo na moshi. Kwa hiyo kabla hamjaingia, kiongozi ataje nani anayeutazama moto kutoka juu, redio ipo mkononi mwa nani, njia ya kutokea ni ipi na mahali salama ni wapi, na kila mmoja ayarudie kwa mdomo wake. Mwenye kuona haya kuuliza abaki penye gari.

Mfahamu pia kwamba si kila moto wa Shimba Hills ni adui. Nyanda zile ni malisho ya palahala, aina ya swala wakubwa, ambao katika Kenya hawaishi porini mahali pengine, na uchomaji uliopangwa husaidia kuzuia vichaka visizimeze. Uamuzi wa kuwasha moto wowote, hata ule wa kuukabili moto mwingine, ni wa wasimamizi wa hifadhi, si wetu.

Kuhusu maji na chakula nitasema machache: niliwahi kupanga lori la maji liondoke Mombasa saa kumi na mbili asubuhi nikasahau kabisa kuhesabu foleni ya kivuko cha Likoni, na watu wangu wakakata kiu kwa maji ya kubahatisha hadi adhuhuri.

Lakini kosa langu kubwa nililifanya magharibi ya siku ya pili ya moto mmoja, nilipotazama ukingo wa msitu, nikauona hauna hata ulimi mmoja, nikawaruhusu watu waende nyumbani. Kesho yake upepo wa baharini ulipoamka, tonge la kinyesi kikavu cha ndovu lililokuwa likifuka ndani kwa ndani usiku kucha lilipulizwa hadi kwenye majani ambayo hayakuwa yameungua, na mchana ule msitu ukaungua mahali tulipokuwa tumekwisha kupaokoa. Tangu siku hiyo hutembea ukingo mzima kwa miguu, nikikisogeza mgongo wa kiganja karibu na kila kisiki, kila gogo na kila kinyesi bila kukigusa. Panapofukuta, tunachimbua, tunamwaga maji, tunakoroga udongo mpaka uwe uji, kisha tunapapima tena. Nitakayempa kazi hiyo kwanza ni wewe uliyefika jana, nami nitakuwa nyuma yako nikirudia kupima ulipopita.