Ukipangiwa kulea mzee katika nyumba ya Kiyahudi: vitu utakavyovikuta na namna ya kuvishika

Wakala akimpangia Mswahili zamu Golders Green au Hendon, kule kaskazini mwa London wanakoishi Wayahudi wengi, hazipiti siku nyingi simu yangu inaita. "Kaka, nyumba hii ina vitu vya dini kila kona, sijui nishike kipi, niache kipi." Nimelea wazee wa Kiyahudi kwa miaka, wengi wao wa nyumba zinazoshika dini kwelikweli. Nayaandika hapa ili nikipigiwa tena niwe na cha kutuma.

Kwanza, usidanganywe na kung'aa. Vinara vya fedha, vikombe vilivyonakshiwa na sahani za sikukuu ndivyo utakavyoviona kabatini na ndivyo utakavyoviogopa. Kumbe hivyo ni vyombo vya kutimizia amri tu. Kinara kikianguka na kubonyea, ni hasara ya mali. Utakatifu wenyewe uko kwenye maandishi: maneno ya Torati yaliyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi, pamoja na kile kinachoyabeba. Na hivyo mara nyingi ni vitu vidogo, vyeusi, ambavyo mtu mgeni angevipita bila kuvitazama mara mbili.

Kimojawapo utakipita mlangoni. Upande wa kulia unapoingia, juu kidogo ya bega, kuna kijisanduku chembamba kilichopigiliwa kwenye mwimo, mara nyingi kimelazwa mshazari. Hiyo ni mezuza. Ndani yake kuna kipande cha ngozi chenye mistari 22, kimeandikwa kwa kalamu ya unyoya na wino mweusi na mtu aliyeisomea kazi hiyo: Kumbukumbu la Torati 6:4-9 na 11:13-21. Ni herufi 713, na moja ikipasuka au kufutika, yote haifai tena. Kwa hiyo hukaguliwa mara mbili katika kila miaka saba. Kwako wewe hii ina maana kwamba vumbi unafuta kwa kitambaa kikavu, hupulizii dawa ya kusafishia, na mafundi rangi wakija unamkumbusha mwenye nyumba kabla hawajaanza. Wenzetu wengine huiita hirizi. Nakushauri neno hilo uliache nje, maana wenyewe wanasema wameagizwa kuandika maneno hayo kwenye miimo ya nyumba, basi.

Kitu kinachotaka uangalifu kuliko vyote kwa anayelea mwanamume ni tefilini. Hivi ni vijisanduku viwili vya ngozi nyeusi vyenye mikanda mirefu, hukaa kwenye mfuko wa mahameli. Cha mkono kina ngozi moja iliyoandikwa vifungu vinne vya Torati. Cha kichwani kina vyumba vinne, kila kifungu na chumba chake. Jozi iliyoandikwa vizuri ni mamia ya pauni, na wapo wanaovaa mpaka uzeeni ile waliyopewa wakiwa na miaka 13. Huvaliwa asubuhi za siku za kazi. Sabato na sikukuu kubwa havivaliwi.

Mzee aliyepigwa na kiharusi hawezi kujifunga mwenyewe, na hapo ndipo unapoingia wewe. Mwanawe au mkewe atakuonyesha, lakini haya yajue mapema. Mpeleke haja kwanza, umsafishe vizuri, maana havivaliwi mwili ukiwa na uchafu. Kama chumbani kuna kiti cha haja, kitoe kabla hajaanza kusali. Ukimvisha shati, acha mkono wa kushoto wazi (wa kulia kama mzee ni wa mashoto), saa uivue: mkanda unatakiwa ugusane na ngozi ya mwili, si nguo. Ana plasta au sindano ya dripu mkononi? Usiamue wewe, waulize. Kijisanduku cha kwanza hukaa juu ya msuli wa mkono, kimeelekea moyoni, kisha mkanda huzungushwa mara saba kutoka kiwiko kwenda kiganja. Cha pili hukaa pale nywele zinapoanzia, si katikati ya paji la uso kama wengi wanavyodhani, na fundo lake huwa kisogoni. Usikaze sana, mkono wa mgonjwa huvimba upesi, nawe ndiye unayeuangalia kila siku.

Ukimaliza, rudisha mfukoni, mbali na hita na jua la dirishani. Usiingie navyo msalani. Vikianguka, sema. Vikianguka vikiwa nje ya mfuko wake, wengine hufunga saumu siku ile, wengine hutoa sadaka, kila nyumba na mwalimu wake wa dini. Lakini ukinyamaza unawanyima nafasi ya kufanya wanaloona ni wajibu wao.

Shali ya sala, yaani taliti, ni nyepesi zaidi. Shida yake ni matamvua ya pembe nne, yale yaliyoagizwa katika Hesabu 15: kila pembe nyuzi 8 na mafundo 5. Usiitie kwenye mashine pamoja na shuka. Kama ni ya sufi, ipeleke kwa dobi wa kusafisha bila maji na umwambie ayafunge matamvua yasisokotane, kwa sababu uzi ukikatika vibaya shali haivaliki mpaka ifungwe upya. Na hata ikiwa imechakaa, usiitupe kwa kuona haina thamani. Kwa kawaida mwanamume huzikwa nayo, tamvua moja likiwa limeondolewa.

Jambo jingine linalowaponza walezi wasafi ni karatasi. Chumba cha mzee kimejaa vitabu vya sala vilivyopasuka na kurasa za Kiebrania, wewe unashika mfuko mweusi wa taka. Ngoja! Chochote chenye jina la Mungu hakitupwi. Hukusanywa na kuzikwa. Sisi wa pwani tunalijua hili kutokana na misahafu iliyochakaa. Weka zote kwenye boksi pembeni, familia itazipeleka sinagogi. Na kitabu cha sala usikiweke sakafuni, wala usiweke kikombe cha chai juu yake. Hapa napenda kuwakumbusha watu habari ya sinagogi ya Ben Ezra, Fustat, Cairo ya kale, ambako karatasi ziliwekwa stoo karne kwa karne bila kutupwa. Solomon Schechter, msomi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alipofika miaka ya 1896 na 1897 alichukua vipande zaidi ya 190,000 vikaenda Cambridge, na humo zikapatikana hata barua za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, wa Aden na pwani ya India. Angetangulia mtu msafi na mfuko wake wa taka, tusingejua lolote.

Sasa Ijumaa, jioni Sabato inapoingia. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama, na Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo panga kumwogesha mzee mchana. Mishumaa ikishawaka, hivyo vinara nilivyosema havina utakatifu ndivyo usivyovigusa mpaka Jumamosi usiku. Usivisogeze upate nafasi ya sahani, usipulize mwali unapotaka kulala. Taa nazo ziache zilivyo, maana wao hawawashi wala kuzima siku ya Sabato. Mazoea yetu ya kuzima taa kila tunapotoka chumbani yanaweza kuiacha familia gizani hadi kesho. Hawatakuamuru uwashe, ila unaweza kusikia bibi akisema tu kwamba humu ndani pana giza. Muelewe.

Mezani kuna mikate miwili iliyofunikwa kitambaa na kikombe cha mvinyo. Katika nyumba zenye kushika sana, chupa ya mvinyo ikishafunguliwa usiimimine wewe usiye Myahudi, isipokuwa imeandikwa mevushali, yaani mvinyo wake umepikwa. Usijisikie vibaya, ni sheria ya zamani, wala haihusu usafi wa mikono yako.

Mzee akizidiwa, hayo yote yanasimama. Piga simu, washa taa, ita Hatzola (huduma ya dharura ya Wayahudi wanaojitolea) au gari la wagonjwa la serikali, usisubiri ruhusa ya mtu. Sheria yao yenyewe inaamuru Sabato ivunjwe kuokoa uhai.

Sabato hufungwa Jumamosi usiku kwa mshumaa uliosukwa na kijisanduku cha manukato kinachopitishwa watu wanuse. Kwenye nyumba nilizofanya kazi mle ndani mlikuwa na karafuu tupu. Mpemba aliye mbali na kwao ajiandae.

Kuhusu Hanuka, sikukuu yao ya taa, sina mengi: kile kinara kina taa nane na moja ya kuwashia, na usikae kusomea kwenye mwanga wake. Kinara cha taa saba ni kingine, ni cha Hekalu. Ndicho kilichochongwa kwenye Tao la Tito kule Roma, na tangu 1949 ni nembo ya Israeli. Nyota ya pembe sita ambayo kila mtu huniuliza haina utakatifu wowote. Ilienea kama alama ya Wayahudi karne ya 19, Mkutano wa Kizayuni wa Basel wa 1897 ukaichukua, na 1948 ikaingia kwenye bendera ya Israeli. Pasaka usiingie na mandazi yako mfukoni, hata kipande, kwa siku zote nane, maana chenye chachu hakiingii nyumbani.

Likizo ikifika, ndugu nyumbani wataagiza vitu, hasa wachungaji. Mezuza na tefilini usinunue: za bei rahisi mara nyingi ni karatasi iliyochapwa, na za kweli zina masharti ya utunzaji ambayo sebule ya Tanga haitayaweza. Shofa, ile pembe ya kondoo dume inayopigwa Mwaka Mpya wa Kiyahudi, haina shida. Mtu yeyote hununua. Ikague kwenye mwanga isiwe na ufa wala tundu, ipige dukani usikie sauti, kisha uinuse. Nyingine hunuka mno. Ioshe ndani kwa siki, uiache ikauke kabisa kabla hujaiweka kwenye begi moja na nguo.